Meno ya Jumamosi

Mapokezi ya kliniki ya meno yalifurika watu siku Fundi, mtengeneza meno ya bandia, alipogongana na mwanamke mwenye gauni la njano, na taya tatu za plasta zikamponyoka mikononi.

"Jamani! Nimekuvunjia ndugu zako?" mwanamke akasema, kiganja kimeziba mdomo. Ajali ya gari ilikuwa imemng'oa meno manne ya mbele, naye alikuja kutaka ya bandia. Aliuza mapazia ng'ambo ya barabara, na wiki haikwisha Fundi akawa anamwita Mapazia wangu kwenye simu.

"Jumamosi ndiyo namwona mama yako. Siendi na pengo, mpenzi."

"Nipe wiki, roho yangu. Unga wa plastiki ukishakandwa na dawa yake, unataka maji ya moto yasiyochemka, saa nyingi. Halafu upoe humo humo."

"Kwa hiyo hunipendi."

Basi! Mtu mwenye miaka kumi na tisa kazini akaitumbukiza kalibu, chombo cha kuumbia meno, kwenye maji yanayotokota, akaja kuipoza bombani. Dawa ilichemka kabla haijashikana na unga, ikaacha vitundu ndani kwa ndani. Aliviona kwenye mwanga. Akapiga msasa juu juu, akamkabidhi Mapazia hivyo hivyo bila kumwambia.

Jumamosi Mapazia alikaa mezani kwa mama mkwe mtarajiwa, fizi zikimwasha kwa dawa iliyobaki mbichi, naye anatabasamu tu. Akang'ata tufaha. Ka! Nusu ya meno ikaangukia sahanini.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, umeniletea mkwe au bibi yangu?"

Na Fundi, badala ya kusema kosa ni langu, akacheka naye. Aibu gani hiyo!

Siku tatu simu haikupokelewa. Ya nne ikapokelewa.

"Nitengenezee mengine. Safari hii usiharakishe."

Akayapika taratibu, akayaacha yapoe usiku kucha, akayaloweka siku mbili. Mapazia alimpigia kila siku, akimtania na kumwita mpenzi kama zamani. Fundi akanunua pete.

Mapazia akaja kliniki na gauni lile lile la njano. Meno yakakaa sawasawa. Akajitazama kwenye kioo, akatabasamu, na Fundi akamwekea pete kiganjani.

"Nikuoe, Mapazia wangu?"

"Yale ya kwanza, ulijua yatavunjika?"

Fundi akakiri. "Nilijua."

"Na ukacheka." Akairudisha pete kiganjani mwa Fundi, akakifumba kwa upole. "Ningekwambia siku ile ile. Ila nilitaka nikukatae nikiwa na meno."

Akatoka. Fundi alimsikia kule mapokezi akiaga watu, akicheka bila kuziba mdomo.