Doa Katikati ya Hariri

"Usimguse, mama," alisema Nagat.

"Nimemzaa mimi," akajibu mama mkwe wake, Wafdiya. Alishika kijiti cha wanja. "Macho haya nimeyatia wanja na maji ya kitunguu tangu siku yake ya saba. Wewe umemjua juzi."

"Miaka kumi na saba ni juzi?"

Rifat, mume wa Nagat na mwenye macho yenyewe, alikuwa kwenye mtambo wake wa kufumia. Mji mzima wa Akhmim uliijua hariri yake. Lakini asubuhi hiyo aliruka nyuzi tatu. Kila alichokitazama kilikuwa na doa jeusi katikati. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu amalize dawa za saratani ya damu.

"Nikimaliza shuka la bibi harusi, nitakwenda hospitali," alisema.

"Utalimaliza kwa kupapasa?" Nagat akauliza.

Nagat akamwita jirani yao Inas, mpiga picha za macho hospitalini. Inas alikichukua polepole kile kijiti mkononi mwa Wafdiya.

"Shangazi, wanja unakaa nje. Tatizo huenda liko nyuma ya jicho. Na kitunguu usimtie kabisa. Damu yake ikiwa dhaifu, uchafu kidogo tu utamletea maradhi."

"Ya nyuma utayaonaje wewe?"

"Kwa picha. Haiumi. Pale nyuma tunaiona mishipa ya damu bila kumpasua mtu. Damu ikiharibika, mara nyingine jicho huonyesha."

Wakaenda wote hospitali. Rifat alitiwa matone ya kupanua mboni, akasubiri nusu saa, kisha akaweka kidevu kwenye mashine. Mwanga ukamulika. Kwenye kioo cha mashine likatokea duara la rangi ya chungwa, lenye madoa mekundu matano. Mawili yalikuwa na kiini cheupe.

Daktari wa macho akaisogelea picha, akayahesabu madoa.

"Ugonjwa umerudi?" Rifat akauliza.

"Picha peke yake haitoshi kusema hivyo. Inaonyesha damu imevuja. Lazima damu yako ipimwe leo, si kesho. Tukijua chanzo na kukitibu mapema, madoa kama haya mara nyingi hufutika."

Nagat akasogea karibu na mumewe. Akashika ukingo wa meza.

"Kumbe nilikuwa napaka rangi ukuta wa nje," Wafdiya alisema kwa sauti ndogo, "na nyumba inavuja ndani."

"Na shuka la watu, mama?" Rifat akauliza.

"Bibi harusi atalalia jingine. Mimi mwana mwingine sina."

Rifat akakunja mkono wa kanzu, akamnyooshea mkono muuguzi aliyekuja kuchukua damu.