Fulana za Muganyizi

Stendi ya Buzuruga asubuhi haina adabu. Kondakta anakuvuta mkono, muuza maji anakupiga kikumbo, na wote wanakuita dada. Prudencia aliingia studio ya Mashimba akiwa amekwishachoka. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa vizuri kiunoni, nywele amezisuka na kuzibana kisogoni, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyetaka maswali.

Mashimba, kijana wa Misungwi mwenye suruali ya jinzi iliyochakazwa makusudi, aliishi kwa picha za pasipoti, kuchapa fulana, na kuwavalisha suti kwenye kompyuta wateja wasio na suti. Alipomwona, aliacha alichokuwa akifanya.

Prudencia alitaka fulana nyeupe za misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, Jumapili, zenye picha iliyokuwa kwenye simu yake. Ilikuwa ya kijana aliyekaa kifua wazi juu ya mawe ya ziwani, kashika samaki wa kukaanga, anacheka mpaka macho yamefumba. Alieleza kwamba ni Muganyizi, mwanajeshi aliyeuawa Lebanoni akilinda amani, gari lao la doria lilipokanyaga bomu. Mashimba alipouliza ni nani wake, alimjibu kwa mkato kwamba ni ndugu yake. Alikuwa amechoka kuonewa huruma.

Simu zikaanza. Mashimba alipiga kuuliza saizi, kisha rangi ya maandishi. Siku iliyofuata akapiga hana hata la kuuliza, wala hakuona aibu.

"Leo unaulizia nini?" Prudencia alisema, akiwa kaunta ya duka la dawa alikofanya kazi.

"Kama umekula."

"Na kama sijala?"

"Kirumba kuna sato wanakaangwa sasa hivi."

Wakaenda kula sato. Mashimba alimchekesha kwa habari za wateja wanaotaka wapunguzwe matumbo kwenye picha, na Prudencia alicheka kicheko ambacho hakuwa amekicheka tangu msiba. Alishampenda huyu kijana, na tuseme ukweli, alijichukia kwa hilo.

Jumamosi alikwenda kuchukua mzigo. Mashimba alimkunjulia fulana ya kwanza kwa fahari. Muganyizi alikuwa ndani ya magwanda, kofia ya bluu kichwani, nyota za afisa mabegani. Mawe hayakuwapo, samaki hakuwapo, na kicheko chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa ustadi wa kompyuta.

"Huyu nani?" Prudencia aliuliza.

"Ndugu yako. Niliona mwanajeshi hafai kukumbukwa kanisani akiwa kifua wazi. Nimempa heshima yake."

"Wa magwanda anaye kila mtu. Wamemzika na bendera, wamempigia risasi hewani, wakubwa wamemsifu. Mimi nilibakiwa na yule wa ziwani tu, ndiye uliyemfuta."

"Samahani. Sikujua wewe na ndugu yako..."

"Hakuwa ndugu yangu. Tulikuwa tufunge ndoa akirudi."

Alizichukua hivyohivyo, maana muda wa kuchapa nyingine haukuwapo, akaondoka. Mashimba alibaki na hasira ya mtu aliyedanganywa, kisha na aibu ya mtu aliyemtongoza mwenye msiba. Alipiga simu, haikupokelewa.

Baada ya misa, ndugu walikusanyika kula ndizi kwa shangazi wa marehemu, kila mtu kavaa fulana isipokuwa Prudencia. Mama Muganyizi, aliyekuja kwa meli kutoka Bukoba, alimwita akae karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona yako hujaivaa?"

Prudencia akamsimulia yote, hata yale ya sato. Mama aliinyoosha fulana kifuani pake, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Kampa na nyota! Mwanangu hakuwa na cheo chochote. Angeziona hizi, angetembea nazo mpaka sokoni."

"Nilitaka watu wamwone alivyokuwa, mama."

"Na hivi ndivyo alivyokuwa. Gwanda alilitaka tangu mtoto. Wewe ndiye hukulipenda. Aliniambia ulikataa hata kumpiga picha akiwa amelivaa."

Ilikuwa kweli, na iliuma. Alimsihi Muganyizi asiende, na siku ya safari aligoma kumsindikiza. Mwaka mzima alilichukia gwanda kwa sababu hakuweza kumchukia marehemu. Alilia palepale, mbele ya masahani, na mama hakumnyamazisha.

Alipotulia, mama akamuuliza, "Huyo wa fulana, unamkasirikia kwa ajili ya picha, au kwa sababu unampenda?"

Prudencia aliinamisha kichwa.

"Leo tumemaliza msiba, mwanangu. Usiondoke nao."

Jioni alimpigia Mashimba, naye akapokea upesi.

"Nilikudanganya, nisamehe," Prudencia alisema. "Kesho nataka nikueleze habari zake. Lakini kama wewe ni wa kutaka nimsahau, niambie sasa, tuachane vizuri."

Mashimba alimjibu, "Njoo. Nitasikiliza."

Kesho yake alifunga studio mchana kweupe, wateja wakagonga mpaka wakachoka. Prudencia alikaa kwenye benchi akamweleza kila kitu, walivyokutana, mipango ya harusi, hata ule ugomvi wa mwisho. Mashimba hakumkatiza. Wivu ulimchoma, na alikiri hivyo bila kuficha. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa anakuitaje?"

Tangu kifo kile, hakuna aliyelitamka jina hilo.

"Koku. Jina langu la Kihaya ni Kokugonza."

Mashimba akaitikia kwa kichwa.

"Basi hilo tumwachie yeye," alisema. "Mimi nitakuita Prudencia."