Taa za Marehemu

Maiti ililala chali chini ya goli la kikapu katika ukumbi wa chuo, kamera ingali shingoni. Macho yalikuwa wazi, yakitazama juu kwenye paa, kule ambako marehemu alikuwa akizifunga taa zake nne za flashi kila siku ya mechi kwa miaka kumi na minane.

Inspekta alichuchumaa, magoti yakalalamika. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyependa watu wanaopiga soga mbele ya maiti.

"Ameanguka kutoka darajani," alisema daktari wa polisi. "Shingo imevunjika. Jana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja."

Daraja lenyewe lilikuwa njia nyembamba ya chuma chini ya paa. Marehemu, mpiga picha wa mechi za kikapu za chuo, alipanda huko kufunga flashi kabla ya mechi na kuzishusha baadaye, kwa sababu taa za ukumbi ule zilikuwa hafifu na wachezaji hawasimami kungojea picha. Flashi aliziwasha kwa rimoti ndogo iliyokaa juu ya kamera. Rimoti hiyo sasa haikuwepo.

"Ajali, afande?" aliuliza koplo.

"Kama ni ajali, nani aliyefunga mlango wa ngazi kwa nje?"

Koplo akamtazama mtunza ukumbi, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi la wachezaji na pingu mikononi. Wachezaji walimwita Kufuli. Ndiye pekee mwenye funguo. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na mkuu wa kituo alikwisha kupiga simu mara mbili: kabla ya saa sita mchana, mzee yule awe amefunguliwa mashtaka ya mauaji.

"Mama afande," alisema Kufuli, "kufuli lile ni la kubana. Hata mtoto analifunga. Ufunguo ni wa kufungulia tu."

Inspekta aliinua uso. Hilo mkuu wa kituo hakulisema kwenye simu.

Mlango mkubwa ukafunguliwa. Mjane wa marehemu aliingia, akavuka uwanja akiwa ameshika khanga kifuani, moja kwa moja hadi kwa kijana aliyesimama peke yake ukutani. Huyo alikuwa mpwa wa marehemu, mpiga picha wa gazeti, ambaye mama huyo alimlea tangu akiwa na miaka sita.

"Mwanangu," alisema, akamwangukia kifuani.

Mwanga mweupe ukapasuka juu. Haukutoa sauti yoyote. Kwa nukta moja vivuli vya watu wote vilichorwa sakafuni, na macho ya maiti yakang'aa.

Koplo, ambaye hujigamba kwamba haogopi kitu isipokuwa mama mkwe wake, alirudi nyuma hatua tatu.

"Nani yuko juu?"

"Hakuna mtu," alisema askari aliyelinda ngazi.

Mjane aliinua uso taratibu. "Ni yeye," alisema. "Anatupiga picha."

Inspekta alihisi nywele zikimsimama. Alikasirika kwa kuhisi hivyo, akamwita kijana kando.

"Jana ulikuwa hapa?"

"Nilipiga mechi. Nikaondoka saa kumi na moja."

"Ulipanda juu na mjomba wako?"

"Hapana. Naogopa kimo. Sijapanda huko miaka mitatu."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Alikuwa baba yangu, afande."

Jasho lilimtiririka, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Jicho lake halikutua kwa Inspekta. Lilipanda kwenye zile taa na kurudi. Kocha wa timu ya chuo, aliyeitwa asubuhi pamoja na wachezaji, akaja kumpa pole, akamkumbatia kwa nguvu kama afanyavyo kwa wachezaji wake.

Mwanga ukapasuka tena paani.

Kijana alitoa mlio mdogo wa koo, akakaa chini palepale. Mchezaji mmoja alianza kulia. Inspekta alisimama akihesabu: mara mbili, na mara zote mbili kijana alikuwa kifuani mwa mtu.

Akapanda ngazi. Juu kule palikuwa na giza na vumbi. Flashi zilikuwa bado zimechomekwa kwenye umeme, vitaa vyao vyekundu vikimkodolea macho. Mkanda wa usalama wa marehemu ulining'inia bila kufungwa, na vumbi la darajani lilikuwa limekorogwa na viatu vya watu wawili. Pembeni ya ukingo alikuta rimoti. Akiwa na glavu, akaibonyeza.

Hakuna kilichowaka.

Akaibonyeza tena. Giza likabaki giza.

Aliposhuka alikaa kando ya Kufuli. "Hii ni ya marehemu?"

Mzee aliitazama kwa makini. "Inafanana. Lakini imewekwa namba tatu. Yake ni moja siku zote. Wapiga picha wawili wakiingia ukumbi mmoja hugawana namba kwanza, mama, la sivyo mmoja atawasha taa za mwenzake. Moja mwenyeji, tatu mgeni. Nimewasikia wakigawana tangu nianze kazi hapa."

"Jana walikuwa wangapi?"

"Wawili. Yeye na mpwa wake. Rimoti zao ni pacha. Alinunua mbili siku moja, moja akampa kijana."

Inspekta alimfuata mjane, akamnong'oneza. "Mama, nakuomba jambo gumu. Mkumbatie tena."

Mama hakuuliza kwa nini. Alimwinua kijana kutoka sakafuni, akamvuta kwake. Taa zikawaka, na safari hii hakumwachia. Mkono wake ulikuwa umegusa kitu kigumu ndani ya koti. Aliingiza vidole mfukoni, akatoa rimoti. Namba moja.

"Hiyo ni yangu," kijana alinong'ona. Kisha akaiona namba. "Yake niliiacha juu. Nilidhani yake niliiacha juu."

"Kumbe ulipanda," alisema Inspekta.

"Yangu ilichomoka kwenye kamera tulipovutana. Yake nayo ikachomoka. Zilikuwa mbili pale darajani, giza, nikaokota moja nikakimbia, nikabana kufuli la mlango." Alifunika uso. "Tangu asubuhi nadhani ni yeye ananiita."

"Mlivutana kwa nini?"

"Ile picha."

Kila mtu pale aliijua. Msichana ameruka kufunga, imepigwa kupitia ubao wa kioo nyuma ya goli. Ndiyo iliyomtoa kijana, ikampa kazi na sifa. Mjane aliitundika sebuleni.

"Ilikuwa ya mjomba," alisema kijana. "Kamera yake aliitega nyuma ya kioo, akanituma nipeleke picha gazetini. Nikaandika jina langu. Miaka mitatu hakusema neno. Jana, mimi nimeteuliwa kwenda kusoma nje kwa sababu ya picha hiyo, akaniambia nenda, baraka zangu unazo, ila kwanza umwambie mama yako ukweli, kwa mdomo wako. Basi tu. Sikutaka wewe ujue, Mama. Nikamsukuma. Alikuwa anafungua mkanda ashuke."

Mjane akamwachia.

"Miaka thelathini nimekaa na mume wangu," alisema. "Picha yake naijua. Nilijua siku ileile uliyoileta."

"Sasa kwa nini uliitundika?"

"Nilikuwa nakusubiri useme."

Kijana alilia kwa sauti. Koplo alimfungua Kufuli pingu, akazifunga mikononi mwa kijana.

Kufuli, akisugua mikono, aliomba ruhusa akazime zile taa. "Ngoja kidogo, baba," alisema mjane. Kielelezo cha kesi hakichezewi, lakini Inspekta aligeuka akatazama ukutani. Mama alisimama kando ya mumewe, akabonyeza mara moja, akauona uso wake vizuri katika mwanga ule. Kisha akampa Inspekta rimoti, akainama kumfumba macho.