Nani Alitoa Siri ya Konokono?

“Usiniguse! Nimesema usiniguse!”

Msusi alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga viti vya plastiki vilivyorundikwa karibu kufika darini. Walikuwa kwenye stoo nyuma ya jukwaa. Kelele za ukumbini zilipenya chini ya mlango, watu wakipiga miluzi wakisubiri duru ya pili ya fainali.

“Mpenzi, nisikilize kwanza.”

“Nikusikilize nini? Siri ile tuliijua wawili tu, mimi na wewe. Mimi sikumwambia mtu. Haya, hesabu mwenyewe amebaki nani.”

Fundi alipiga hatua moja mbele. Ni fundi wa mafriji, mrefu, mpole, mwenye mikono isiyojua pa kukaa akiwa hana bisibisi. Jumamosi ile wazee wake walikuwa waende kwa kina Msusi kupanga tarehe ya harusi.

“Sijamwambia mtu,” alisema. “Naapa kwa mama aliyenizaa.”

“Mama wa watu usimwingize humu. Na wazee wako waambie Jumamosi wabaki kwao.”

“Unavunja uchumba kwa sababu ya mchezo?”

Loo! Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Msusi alinyoosha kidole mlangoni. Dada yake mkubwa, aliyekuwa amekaa juu ya boksi la spika akila bisi, akainuka na kufungua mlango kwa heshima zote.

“Shemeji, pita huku. Pole.”

Mlango ukafungwa.

Sasa wewe usiyewahi kushika mchezo huu, ngoja nikueleze, usije ukadhani watu wazima wamerukwa na akili kwa ajili ya konokono. Ni mchezo wa mazimwi. Unaingia vitani na mazimwi matatu, na kila zimwi unalifundisha mbinu nne, basi. Ukichagua vibaya hata moja, umekwisha. Zimwi kipenzi la Msusi ni Konokono Jiwe, mzito, mpole, mwenye gamba ambalo pigo moja halilivunji. Wachezaji wote humfanya ngome. Anakaa, anapigwa, anajitibu, mpaka mpinzani achoke.

Msusi peke yake alikataa. Miezi mizima, vidole vikisuka vichwa vya wateja, akili yake ilikuwa kwa konokono. Mwishowe akachukua mbinu iliyodharauliwa na kila mtu, inaitwa Vua Gamba. Konokono akilitupa gamba lake anakuwa mwepesi kuliko zimwi lolote, na pigo lake linaangusha chochote kilicho mbele yake. Shida ni kwamba kulivua kunakula zamu nzima, na akiwa uchi hivyo, akiguswa tu amekufa. Kwa hiyo mbinu ile inafaa endapo mpinzani hajui. Asiyejua hahangaiki kupiga jiwe, hutumia zamu hiyo kujiandaa kwa vita virefu. Na wakati anajiandaa, gamba hilo chini!

Msusi alikuwa amewashusha watu mpaka fainali bila hata kuitumia siri hiyo. Aliihifadhi kwa ajili ya Daktari wa Meno, bingwa ambaye hakuna aliyekumbuka alishindwa lini. Na duru ya kwanza, konokono alipotokeza pembe zake tu, Daktari hakuwaza hata kidogo. Akamtoa Nyigu, akachoma. Zamu hiyohiyo Msusi alikuwa anavua, gamba likaanguka na konokono akaanguka nalo.

“Alijua,” Msusi alimwambia dada yake, machozi yakimlengalenga. “Dada, yule mtu hakubahatisha. Alikuwa ananisubiri.”

“Kwani Fundi angepata nini kwa kukuuza?”

“Sijui! Pengine anaona haya mke amshinde. Wanaume si wako hivyo?”

“Wengine. Huyu nilimwona siku moja unacheza, amesahau chai mkononi mpaka ikapoa.”

“Usimtetee.”

Simu ikalia kwa ujumbe.

“Nisamehe kwa kusema ni mchezo tu. Najua si mchezo tu. Lakini sijakusaliti.”

Msusi akaandika kwa hasira, kucha zikigonga kioo: “Kikulacho ki nguoni mwako. Usinitumie tena.”

Dada akaendelea na bisi zake. Zilibaki dakika chache Msusi apande jukwaani. Sheria iliwaruhusu kubadilisha mbinu za zimwi moja kati ya duru na duru, naye alikuwa ameikodolea macho nafasi ya nne ya konokono bila kuona kitu. Utachaguaje silaha wakati moyo umeshajisalimisha?

Simu ikaita. Dada akaipokea.

“Shemeji, mwenzio hataki kuongea.”

“Dada, mwambie ni mimi.” Sauti ya Fundi ilikuwa imekauka. “Ni mimi niliyetoa ile siri.”

Dada aliacha kutafuna.

“Unasema?”

“Niko mlangoni. Naomba nifungulie.”

Aliingia, simu mkononi, uso kama wa mtu aliyetoka kumwagiwa maji. Msusi alisimama wima. Unajua ile hali ya kumlaumu mtu huku moyo ukiomba uwe umekosea? Tumaini hilo ndilo lilikuwa linamfia pale pale.

“Sema.”

“Nimemfuata Daktari. Nimemuuliza, nani alikuambia? Akanijibu, hakuna aliyeniambia, niliangalia kama watu wengine. Nikamuuliza, uliangalia nini? Akanionyesha.” Fundi aliinua simu. “Unakumbuka siku tuliyofanya mazoezi nyumbani kwenu, ukavua gamba kwa mara ya kwanza, ukanimalizia mazimwi yote matatu?”

“Nakumbuka.”

“Niliihifadhi mechi ile. Nilibonyeza tu Hifadhi. Sikujua kwamba usipoifunga, inawekwa kwenye ubao unaoonwa na wachezaji wote. Nilidhani iko kwangu peke yangu.”

“Kwa nini uihifadhi?”

“Niwe naitazama.”

“Ya nini? Ulishindwa!”

“Ndiyo maana.”

Alimpa simu. Video ilikuwa pale, wazi, na chini yake Fundi alikuwa ameandika maneno siku baada ya siku, kama mtu anayejisemea chumbani.

“Leo kompresa ya friji imenipasukia, nimerudi hoi. Nimeangalia tena, uchovu umekwisha.”

“Ile zamu anayovua gamba, bado nywele zinanisimama.”

“Nimeisimamisha, nimeirudisha, nimeisimamisha. Bado sielewi aliiwazaje.”

“Mtu mwenye akili hii amekubali kuolewa na mimi. Mungu ni mkubwa.”

Msusi alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Wateja humsifu kwa mikono yake, mama yake humsifu kwa adabu. Mtu wa kukaa kimya akaishangaa akili yake, akaishangaa kila siku bila kumwambia, hakuwahi kujua kama yupo duniani.

“Hukulazimika kuniambia,” alisema taratibu. “Nisingejua kamwe.”

“Ungenichukia kwa jambo ambalo sikulifanya. Bora unichukie kwa nililolifanya.”

“Umeniharibia kazi ya miezi.”

“Najua.”

“Yaani kwa mkono wako mwenyewe!”

“Najua. Sikuja kuomba unisamehe upesi upesi. Nimekuja ujue Daktari ameona nini. Ameiona video ile moja. Zaidi ya hapo hajui kitu.”

Msusi alikuwa ameanza kufuta machozi. Akaacha.

“Rudia.”

“Nini?”

“Hayo uliyosema mwisho.”

“Zaidi ya video ile, hajui kitu.”

Dada alisema baadaye kwamba pale ndipo alipomwogopa mdogo wake. Macho yalikuwa yametulia, hayakuwa yakiwaangalia wao wala viti wala mlango. Hivyo ndivyo anavyokuwa akishika kichwa chenye nywele ngumu kabla ya kupasua njia ya kwanza.

“Mrudishe kuwa ngome,” Dada alinong’ona. “Mwenda pole hajikwai.”

“Hapana, Dada. Daktari ataleta Nyigu, na Nyigu atachoma kwa nguvu zake zote. Lazima. Akiacha kuchoma mara moja tu, anaogopa nitavua.” Alishika simu yake. “Basi na achome.”

“Utafanya nini?” aliuliza Fundi.

Msusi akamtazama.

“Sikwambii.”

Ilimchoma, ilionekana. Lakini alitikisa kichwa kukubali.

“Usiniambie. Hata mimi sasa hivi sijiamini.” Akamkabidhi Dada simu yake. “Kaa nayo, shemeji. Mpaka iishe.”

Duru ya pili ilianza ukumbi ukiwa umejaa mpaka ngazini. Daktari wa Meno, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi, alimsalimia Msusi kwa upole uleule anaotumia kabla ya kung’oa. Zimwi baada ya zimwi likaanguka, huku na huku, mpaka akabaki Nyigu upande mmoja na Konokono Jiwe upande wa pili.

“Anavua! Anavua!” watu walipiga kelele, wakikumbuka duru ya kwanza.

Daktari akachoma. Mwiba ule ulishuka kwa nguvu zote za Nyigu, skrini kubwa ikawa nyeupe. Ilipotulia, konokono alikuwa bado amesimama, gamba lake mgongoni. Lina ufa, lakini lipo.

Halafu yakatokea maandishi: RUDISHA.

Ndiyo aliyoiweka mahali pa Vua Gamba, mbinu ambayo hata wanaoanza kucheza huifuta. Inakutaka ukae upigwe kwanza, na ukibaki hai, aliyekupiga anarudishiwa maumivu mara mbili. Nani ana roho hiyo? Nyigu alidondoka kama jani. Ukumbi ukalipuka, na watu wasiojuana wakawa wanashikana mabega. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama skrini upya.

“Binti,” alisema, “nimecheza mchezo huu miaka mingi. Hilo sikuliona.”

“Asante, Daktari.”

Sare, kila mmoja duru moja. Sasa ikabaki duru ya kuamua, na mapumziko mafupi tu. Msusi hakwenda stoo. Alikwenda ukingoni mwa jukwaa, akapiga magoti, akamwita Fundi aliyekuwa amejibanza kwenye nguzo.

“Njoo.”

“Mimi?”

“Kwani kuna mafundi wangapi hapa? Njoo.”

Alikuja. Msusi akainama mpaka midomo ikagusa sikio lake, vidole vyake vyenye harufu ya mafuta ya nywele vikiwa begani mwake. Fundi alipoelewa anachotaka kufanya, akajitoa.

“Usiniambie! Je, likivuja? Safari hii utasema ni nani?”

“Safari hii nitasema ni bahati mbaya, tutaenda nyumbani pamoja.”

“Tafadhali. Sitaki kujua.”

“Mimi ndiye ninayetaka ujue. Uliniletea ukweli unaokuumiza wewe. Bila ule ukweli ningeingia pale kipofu. Tulia, nisikilize.”

Akamnong’oneza. Yalikuwa maneno machache. Fundi alibaki amesimama, macho yamemtoka, mdomo wazi, na machozi yakamshuka mbele za watu bila hata kuyafuta. Dada, kutoka mbali, alidhani wamegombana tena.

Duru ya tatu nitaisimulia upesi kwa sababu yenyewe ilikwisha upesi. Tena akabaki Nyigu, tena akabaki konokono. Zamu ya Daktari. Kidole chake kilikuja juu ya mwiba, kikasita. Akichoma, huenda akarudishiwa mara mbili. Asipochoma, huenda gamba likavuliwa. Mtu ambaye hakuwahi kusita tangu mashindano yaanze, alisita. Kisha akachagua kujikinga, aone kwanza.

Gamba likaanguka.

Mungu wangu! Konokono yule alitoka ndani ya jiwe lake akiwa mwepesi, mweupe, anang’aa skrini nzima, na kabla Nyigu hajageuza bawa vita vilikuwa vimekwisha. Kuna mzee mmoja alikuja kumchukua mjukuu wake tu, haujui mchezo, hajui zimwi wala mbinu. Naye alisimama, mkono kifuani, akasema, “Ee!”

Daktari wa Meno aliinuka, akazunguka meza, akampa Msusi mikono yote miwili.

“Ulinifanya niogope Rudisha, kumbe ulishaitoa,” alisema. “Nani alijua?”

“Mchumba wangu.”

“Na hakusema?”

“Hakusema.”

Daktari alimtafuta Fundi kwa macho, akamwona, akamwinamishia kichwa.

Msusi alishuka ngazi katikati ya makofi, watu wakimvuta kumpongeza huku na huku, mpaka akafika kwenye nguzo. Fundi alikuwa vilevile, mikono inaning’inia.

“Watu wote wanapiga makofi. Wewe mbona hupigi?”

“Mikono imekataa.”

“Imekataaje?”

“Sijui. Nimekuangalia mpaka nimesahau nina mikono.”

Msusi alicheka, kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio kidogo. Akaishika ile mikono miwili, akaiweka mashavuni mwake.

“Na Jumamosi? Miguu nayo itakataa?”

“Ulisema wazee wabaki kwao.”

“Nimesema waje. Na wewe uje mbele yao. Nataka mama asikie kwa mdomo wako yale uliyokuwa unaandika peke yako. Yote. Usiruke hata moja.”

“Mbele ya wazee? Nitaona haya!”

“Ona haya, lakini sema.”

Fundi alimtazama mwanamke yule, akavuta pumzi, na pale pale, mbele ya Dada na Daktari na umati mzima, akaanza kuyasema.