Upande wa Kwanza Uliokataa Kuisha

Jamani wadau, nilivuta jalada la santuri kutoka kwenye rafu… jepesi!

Nikalitikisa. Halina kitu.

Nikavuta la pili… tupu. La tatu… tupu! Rafu nzima majalada yamesimama wima kama kawaida, ndani hewa. Na mimi nilikuwa nafanya usafi wangu wa mwisho wa mwaka tu, sina habari.

Nikageuka kuangalia kaunta. Huwa tunasimamisha pale jalada la santuri inayolia ili wateja wajue wanasikiliza nini. Siku hiyo lilikuwa jalada jekundu la mpiga saksafoni mmoja wa Osaka. Na saksafoni ilikuwa inalia, safi kabisa.

Nikasogea na kitambaa changu cha vumbi. Nikachungulia ndani ya lile jekundu.

Tupu!!

Hilo sawa, yake si ndiyo inayolia kwenye mashine? Basi hizo nyingine zote ziko wapi?

Ngoja niwaeleze mwenzenu ni nani. Naitwa Fumie. Mimi na mume wangu Masanobu tuna mkahawa wa jazi hapa Yokohama, mtaa wa Noge, mwaka wa thelathini huu. Kwetu haji mtu kupiga soga. Unaagiza kahawa, unafumba macho, unasikiliza santuri. Muziki ukilia haongei mtu. Upande mmoja ukiisha, ndipo watu wanakohoa, wanakwenda chooni, wanaagiza kikombe cha pili. Masanobu anageuza santuri, mimi namimina kahawa. Kisha kimya tena.

Sheria ya kutoongea niliibandika mlangoni mimi mwenyewe. Siku ile ilinikaba koo, maana wateja watano walikuwa ndani wamefumba macho, na mimi nataka kupiga yowe!

Nikamfuata Masanobu nyuma ya kaunta, nikamnong'oneza.

"Santuri ziko wapi?"

"Shhh."

"Usiniambie shhh! Ziko wapi?"

"Subiri upande uishe, mama."

Haya. Nikasubiri, damu inanichemka. Wimbo ukaisha, ukaingia mwingine. Huo nao ukaisha, ukaingia mwingine…

Jamani, upande hauishi!

Hapo ndipo akili ikanijia. Tangu majani yaanze kupukutika, vikombe vya pili vilikuwa vimepungua sana. Nilidhani wateja wangu wamezeeka, madaktari wamewakataza kahawa. Na kusema kweli sikuulizauliza, magoti yangu yalikuwa yanashukuru. Nimechoka, wadau. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Mwaka jana nilimwambia Masanobu waziwazi: siku mkono wako utakaposhindwa kuweka sindano ya mashine juu ya santuri, tunafunga duka, tunahamia kwa binti yetu Sapporo. Akakubali, tukapeana ahadi.

Nikainama chini ya kaunta. Nyuma ya gunia la kahawa kulikuwa na kompyuta ndogo, inawaka! Na ile mashine ya santuri, anayoiinamia kila siku kwa heshima zote, ilikuwa inazunguka bila santuri juu yake.

"Umeziuza," nikanong'ona. Machozi yananilenga. "Umeuza santuri zetu. Una mwanamke!"

"Fumie, wateja…"

"Wateja nini! Una mwanamke?"

"Kwa umri huu nimpeleke wapi?"

Nikang'oa waya ukutani.

Kimya.

Wateja wakafumbua macho. Nikafungua mdomo niyamwage yote… kabla sijasema neno, mikono ikanyanyuka.

"Mama, kahawa!"

"Na mimi, Mama!"

"Mama, nyeusi moja!"

Mwingine tayari anakimbilia chooni. 

Mzee Kurihara, dereva wa treni mstaafu ambaye hakosi hata siku moja, akashusha pumzi ndefu.

"Asante, Mama. Miezi hii yote tunakunywa kikombe kimoja na kubana haja. Hiyo kompyuta haina huruma."

"Mlijua?!"

"Tangu siku ya kwanza. Muziki haukwaruzi, hauishi. Kwani sisi viziwi?"

"Na mkanyamaza!"

"Sheria ni yako, Mama. Hakuna kuongea."

Nilitaka nimrushie kitambaa. Bwana Ogata, fundi redio, akasimama.

"Mimi ndiye niliyezinakili kwenye kompyuta. Nitukane mimi kwanza. Masta, mwonyeshe mkeo mkono."

Masanobu alikuwa ameuchimbia mkono wa kulia mfukoni. Akautoa polepole, akauweka juu ya kaunta ili utulie. Haukutulia. Kijiko kilichokuwa kando yake kikaanza kugongagonga kisosi.

"Niliikwaruza ile santuri anayoipenda Mzee Kurihara," akasema. "Sindano iliniponyoka, ikapita katikati. Nikaogopa nitaziharibu zote. Basi nikawagawia wateja, kila mtu zile anazozipenda, majalada nikayaacha rafuni usijue."

"Zangu ziko juu ya friji," akadakia Kurihara. "Sina hata mashine ya kuzipigia. Naogopa hata kuzifuta vumbi."

"Sasa mimi mkeo ulishindwa nini kuniambia?"

Masanobu akainamisha kichwa.

"Ungeuona mkono, tungefunga. Tuliahidiana."

Watu wote wananitazama mimi. Na haki ilikuwa yangu, sitawadanganya. Kuna sauti ndani yangu ilisema funga leo leo, Fumie, kapumzike. Lakini nilimwangalia mume wangu, nikaona ananiogopa mimi kuliko anavyouogopa huo ugonjwa. Iliniuma kuliko mwanamke yeyote wa nje.

"Daktari amesemaje?"

"Sijaenda."

"Kesho asubuhi tunakwenda wote. Na nyie, kesho mchana kila mtu arudishe alichopewa. Anayetaka kahawa, birika lile pale, ajimiminie. Mimi nimechoka!"

"Na sindano ataishika nani?" akauliza Ogata.

"Mimi."

Masanobu aliruka. "Wewe? Mikono yako ina mafuta ya jikoni!"

"Nitanawa."

Kesho yake tulitoka hospitali na mfuko wa dawa. Ni ugonjwa wa kuishi nao, daktari alisema, hauponi ila unabembelezwa. Tukawakuta wateja wameshasimama mlangoni, kila mmoja na furushi lake la kitambaa amelikumbatia kama mtoto mchanga.

Nikanawa hadi kwenye viwiko. Nikachukua ile ya Mzee Kurihara yenye mkwaruzo, nikashusha sindano. Krrr… kisha saksafoni. Ilipofika kwenye mkwaruzo ikapiga tak, tak, tak, na mzee akatabasamu.

Birika lilikuwa limejaa, vikombe visafi. Sina la kufanya. Nikakaa kwenye kiti cha mteja, karibu na spika kubwa. Mnajua nini? Tangu tufungue duka, sikuwahi kukaa nikasikiliza upande mmoja mzima. Ukilia naosha vikombe, ukiisha namimina.

Nilisikiliza wimbo wa kwanza. Wa pili sijui ulikuwaje.

Nililala, jamani. Tena nikakoroma!

Nilipoamka, saksafoni ilishanyamaza zamani. Krrr… tak. Krrr… tak. Santuri inazunguka, sindano imefika mwisho, hakuna aliyeinyanyua. Koti la Masanobu liko magotini pangu. Wanaume wote wamekaa wima, macho wazi, hakuna anayekohoa. Birika halijaguswa. Mzee Kurihara amebana miguu, jasho linamtoka.

"Upande si umeisha?" nikauliza.

"Umeisha siku nyingi," akanong'ona Masanobu.

"Sasa mbona hamjanyanyuka?"

"Ulikuwa umelala, Mama," akasema Kurihara. "Naruhusiwa kwenda chooni sasa?"

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kunyanyua sindano. Duka hatujalifunga. Ila siku mbili kwa wiki silifungui, na mtu asiniulize.

Wadau, binti yangu ananiambia simu yake ina nyimbo zote za dunia na haichoki. Ni kweli haichoki. Ndiyo maana haiwezi kujua kwamba wewe umechoka. Mwenye mwenzi ndani ya nyumba, leo hii zima huo muziki kidogo, mwambie akuonyeshe mikono yake. Mimi niliiona nikiwa nimechelewa miezi.