Mitungi Sita Kutoka Ruiru

Probox nyeupe ilichomoka Ruiru kama mbuzi aliyeona kisu.

Mita mia mbili nyuma yake kulikuwa na Ndila, juu ya pikipiki, Boxer 150. Koti la bodaboda mwilini. Bastola, Glock 19, chini ya koti. Sikioni, kidude cha mawasiliano kilichokuwa kinamwasha tangu asubuhi.

"Kunguru, uko wapi?"

Huyo ni Njau, mkubwa wake; Kunguru ni jina la Ndila la kazini. Njau huongea na majasusi kama mtu anayenong'ona kanisani wakati wa sadaka.

"Thika Road. Probox iko mbele. Imebeba mzigo, nyuma imekaa chini."

"Usiipoteze."

"Mkubwa, hiyo hata mkokoteni unaifikia."

Alikuwa anadanganya. Kila Mkenya anajua Probox ikiamua kukimbia, hata ndege inaomba njia. Ilipita Juja ikipiga honi bila kupumua. Lori la kokoto likasogea. Matatu mbili zikasogea, na hizo huwa hazisogei hata kwa mazishi.

Ndila akafungulia mafuta.

Mia na kumi. Mia na ishirini. Boxer ikaanza kulia kama inaitwa mahakamani.

Karibu na Witeithie akaipata ubavuni. Akatoa mfukoni kidude cheusi, ukubwa wa kifuniko cha soda, akakibandika kwenye boneti. Kilinata kwa sumaku. Usiniulize kilitengenezwa wapi, serikali haisemi.

Kikalia mara moja.

Injini ya Probox ikazima.

Gari likateleza hadi kando ya barabara, kwenye nyasi za ng'ombe za mtu. Dereva akatoka mikono juu kabla hajaulizwa.

"Madam, mimi ni dereva tu! Naitwa Mwas! Nina watoto!"

"Kila mtu ni dereva tu. Fungua nyuma."

Mitungi sita ya manjano, lita ishirini kila mmoja. Ndila akafungua wa kwanza. Harufu ya asali na uchachu ikampiga puani. Muratina. Pombe ya wazee, pombe ya heshima.

Akatoa kalamu ya kupimia, akaichovya ncha. Ikibaki kijani, ni pombe. Ikiwa nyekundu, ni kifo.

Akahesabu hadi tano.

Nyekundu.

Mtungi wa pili, nyekundu. Wa tatu. Wa nne. Yote sita.

Sasa tuelewane hapa, maana mtu anaweza kudhani hii ni hadithi ya walevi. Ruiru, nyuma ya kiwanda kimoja, kuna mtambo unaokula moshi. Unavuta ile kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye bomba, unaichanganya na haidrojeni iliyotolewa kwenye maji kwa nguvu za jua, unaipitisha kwenye unga fulani wa madini, na upande wa pili kinatoka kioevu cheupe kama maji. Methanoli. Inawaka jikoni bila masizi. Inaendesha jenereta. Hewa chafu imegeuka mafuta, na hakuna meli iliyosafiri kuyaleta.

Aliyeujenga anaitwa Wangechi, injinia, binti wa mzee Githinji wa Kiganjo. Kalamu ile pia ni kazi yake.

Na kuna mtu anaitwa Erastus Gachau. Huyo huingiza dizeli ya magendo na mafuta taa yaliyochakachuliwa, miaka ishirini sasa. Mafuta yanayotoka hewani, kwake ni msiba. Alijaribu kuununua mtambo kupitia watu wengine. Akakataliwa. Alijaribu kuuchoma. Ukakataa kuwaka.

Ndipo akakumbuka jambo moja. Methanoli ni rafiki wa jiko, lakini ni adui wa tumbo. Inaanza na macho. Kisha inammaliza mwenyewe.

Akapata mapipa ya wizi. Akaipima kwanza mahali ambapo hakuna kamera, Gatuanyaga, kwa mama mmoja muuza pombe. Kumi walikunywa. Tisa walizikwa.

Wa kumi alikuwa Muthoka, mdogo wake Ndila. Aliamka saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa nyumba nzima, akauliza, "Dada, stima imepotea? Mbona giza?"

Wiki tano zimepita. Ndila hajajua jibu la kumpa.

"Mwas," akasema. "Hii inaenda wapi?"

"Kiganjo. Kuna ruracio leo, injinia Wangechi analipiwa mahari. Gachau ndiye msemaji wa upande wa kijana. Alijitolea kuleta pombe." Mwas akafuta mikono kwa suruali. "Wafanyakazi wote wa mtambo wamealikwa."

Ndila akaona picha yote. Watu arobaini wa mtambo wafe siku moja, na methanoli ya mtambo ipatikane tumboni mwao. Nani atauliza swali? Magazeti yataandika yenyewe: walijiibia mafuta wakanywa. Mtambo utafungwa kabla maiti hazijapoa.

Akabonyeza sikio. "Mkubwa, ni nyekundu. Yote."

"Mwaga kila tone. Gachau tutamshika ofisini kesho."

"Kwa ushahidi gani? Dereva? Gachau atakuja na mawakili watatu, atoke kabla sijavua helmeti."

"Ndila."

Akiitwa kwa jina, mambo yameharibika.

"Najua kuhusu ndugu yako. Ndiyo maana nakwambia, mwaga. Hiyo ni amri."

Ndila akaitazama mitungi. Akatoa kidude sikioni, akakitia mfukoni, kisha akabandua kile cha boneti ili gari liwake.

"Mwas, panda. Utapeleka mzigo kama ulivyotumwa. Ukikohoa vibaya, nitakuwa nyuma yako."

Saa saba unusu mchana, Kiganjo.

Hema jeupe, viti vya plastiki, mbuzi watatu motoni. Akina mama wa upande wa binti walikuwa wameimba hadi sauti zikakauka. Gachau alikaa mbele, suti ya kijivu, fimbo nyeusi, tabasamu la mtu aliyelipia kila kitu.

Mitungi sita ikashushwa. Gachau akaihesabu kwa macho. Mwas alikuwa anatoa jasho kama yeye ndiye mbuzi.

"Una nini wewe?"

"Jua, boss. Jua kali."

Ndila alikuwa kati ya wahudumu. Aproni, kitambaa kichwani, kibuyu mkononi. Kwenye mfuko wa aproni simu yake ilikuwa inatetemeka tu. Akaichungulia. Njau, mara kumi na moja. Ujumbe wa mwisho haukuwa na salamu.

MITUNGI IKO KIGANJO. UMEFANYA NINI?

Akairudisha.

Mzee Githinji akasimama na pembe ya kunywea. Kofia yake ya manyoya ilikuwa imelala upande, lakini sauti ilikuwa wima.

"Watu wetu, mnajua mambo yetu. Pombe hii hainywewi kabla mwenyewe hajasema. Wangechi, kuja mami."

Wangechi akaja, na shanga zake, na ile aibu ya kuigiza ambayo mabibi harusi hufunzwa na shangazi zao. Ndila akajaza pembe kutoka mtungi wa kwanza. Mzee akampa binti yake.

"Mami, tunywe ama tusinywe?"

Wafanyakazi arobaini walikuwa na vikombe tayari.

Wangechi akainua pembe.

"Samahani, baba," Ndila akasema.

Vichwa vikageuka. Mhudumu anaongea? Mama mmoja akasema "Haiya!" kwa sauti.

"Mimi ni wa Gatuanyaga, huenda sijui mambo ya huku. Lakini kwetu aliyeleta pombe ndiye huonja kwanza. Ili waliokaribishwa wajue hakuna ubaya."

Wazee wakaangaliana. Mmoja mwenye meno mawili akapiga goti lake.

"Hata kwetu ni hivyo! Ni vile tumezoea bia za chupa tukasahau. Huyu msichana anatufunza mila zetu!"

Kicheko. Gachau pia akacheka, lakini macho yake hayakuhudhuria.

"Wazee, mimi nimeokoka."

"Umeokoka lini?" Githinji akauliza. "Jumamosi tulimaliza chupa mimi na wewe, ukaimba."

Hema likavunjika kwa vicheko.

"Nina dawa za presha..."

"Kidogo tu. Lowesha midomo."

"Daktari alisema..."

Vicheko vikaanza kupungua. Kimoja, kimoja. Wazee wanajua sauti ya mtu anayekwepa chakula chake mwenyewe. Fimbo zikagonga chini. Mtu akasema kule nyuma, "Kwani imewekwa nini?"

Ndila akaichukua pembe mikononi mwa Wangechi, akaenda hadi mbele ya Gachau, akapiga magoti kwa adabu kamili. Pembe ikawa karibu na kidevu chake.

Gachau akainama. "Wewe ni nani?" Kwa chini, meno yamefungana.

"Dada ya Muthoka."

"Muthoka gani?"

Hakuwa anadanganya. Alikuwa anauliza kweli. Alimchukulia mtu macho yote mawili, na hakujisumbua kujua jina.

Ndila akaisogeza pembe hadi mdomoni mwake.

"Kunywa," akasema.

Gachau akatazama hema. Watu mia mbili walikuwa wanamtazama. Akaweka mdomo kwenye pembe akijifanya, midomo imebanwa. Ndila akaiinua kwa vidole viwili na kumbana pua kwa mkono wa pili, haraka, kama nesi wa kliniki.

Koo likafanya kazi yake.

Glu.

Glu.

Fimbo nyeusi ikaanguka. Gachau akaruka, akajitia vidole mdomoni, hakuna kilichotoka. Akashika meza, meza ikaenda naye.

"Hospitali! Nipelekeni hospitali! Ni methanoli! Msinywe! Ni methanoli!"

Hata mbuzi motoni waliacha kuchuruzika.

Mzee Githinji akavua kofia yake polepole.

"Gachau. Umejuaje?"

"Nipelekeni!"

"Binti yangu alikuwa ameshika hiyo pembe. Umejuaje kilichomo?"

Simu arobaini zilikuwa juu, zinarekodi. Ndila akachuchumaa karibu naye.

"Dawa ipo. Lakini kwanza sema. Mapipa mengine yako wapi?"

"Makongeni! Ghala la nyuma ya mashine ya unga! Mapipa mawili! Mlinzi wa mtambo ndiye aliniuzia!"

"Na Gatuanyaga?"

Akalia. Mtu mzima, suti ya kijivu, kamasi.

"Nilikuwa najaribu tu... nilitaka kujua kiasi... Mungu wangu, sioni! Sioni! Macho yangu!"

"Umeyafunga," Mzee Githinji akasema.

Gachau akafungua jicho moja. Kisha la pili. Hema jeupe. Watu mia mbili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anamhurumia.

Wangechi akasogea na kalamu yake, akaichovya kwenye matone yaliyobaki ndani ya pembe, akaiinua juu kila mtu aone.

Kijani.

"Ni muratina," akasema. "Muratina tu. Nzuri hata."

Ile pombe ya Gachau, yenye sumu, ilibaki kwa bibi mmoja, shosho Waruguru, hapo kabla ya kuingia Kiganjo. Waruguru huwapikia pombe watu wa sherehe, na hakuuliza maswali mengi alipoombwa lita mia moja na ishirini katika mitungi mingine sita. Mitungi mitano ya sumu ilimwagwa kwenye shimo la chokaa. Wa sita ulifungwa kwa utepe wa polisi, kwa ajili ya mahakama.

Ndila akachukua pembe, akaijaza tena, akainywa yote akimtazama Gachau machoni. Akajifuta mdomo kwa aproni.

"Dakika tatu," akamwambia kwa sauti ya chini. "Giza lako limekuwa la dakika tatu. Yeye amepewa la maisha. Jina lake ni Muthoka Kyengo. Utalisikia tena siku ya hukumu, na nitakuwepo kuhakikisha wanalisoma polepole."

Magari mawili ya polisi aliyoyatuma Njau yakafunga lango. Gachau hakukimbia. Wazee walikuwa wamemzunguka, na fimbo za wazee wa Kiganjo si za kutembelea tu.

Nyuma yake Ndila akasikia Githinji akiuliza upya, "Mami, tunywe ama tusinywe?" Na Wangechi akajibu, "Tunywe, baba." Ngemi, vile vigelegele vya akina mama, zikapanda hadi barabarani.

Alivua aproni akitembea. Akaiwasha Boxer. Akarudisha kidude sikioni.

"Ndila!" Njau leo hakunong'ona. "Nilikwambia umwage!"

"Nilimwaga, mkubwa."

"Mtu analia huko kwenye simu za watu kwamba amekunywa sumu! Nataka ripoti!"

"Andika: mshukiwa aliugua baada ya kunywa pombe safi."

Sikioni, kalamu ya Njau ikakwaruza karatasi.

"Unaenda wapi sasa?"

"Gatuanyaga. Kuna mtu ananidai jibu."

Akakata mawasiliano, akaingiza gia, akamwacha Njau aliulize vumbi la Kiganjo mengine.