Niliona Nondo Zimelala Chini, Nikasema "Tuanze"

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mhandisi wa majengo, na siku hizi siwezi kukaa chini ya roshani ya mtu. Nikiingia ukumbini au kanisani, macho yanapanda juu kabla sijamsalimia yeyote. Naangalia bimu, naangalia nguzo, natafuta ufa... Rafiki zangu wananitania kwamba natafuta mchumba kwenye dari. Nacheka nao, kisha nahamisha kiti.

Wanaonijua hawataamini nikisema kilichoniponza ni kunyamaza. Mimi? Mwenye mdomo huu? Chuoni nilibishana na walimu mpaka wakaniita wakili. Lakini siku niliyotakiwa kusema sentensi moja tu, ulimi ulinilala mdomoni. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, halafu mnihukumu.

Nilizaliwa Ilongero, mkoani Singida. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na mama akarudi nami kwa kaka yake, Mjomba Ntandu. Mjomba alikuwa fundi ujenzi. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na kipimamaji, nyundo na jina! Ukitaka nyumba isiyokusumbua, watu walikuambia mtafute Ntandu.

Ndiye aliyenisomesha hadi chuo kikuu. Wakati wa likizo alinipeleka saiti nikamsaidia kukunja ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo pamoja. Nilijua kukunja ringi kabla sijajua kuzidisha. Wenzake walipomwambia kazi hiyo si ya msichana, alijibu kwamba huyu ndiye atakayewachorea wao.

Chuoni nilijifunza kitu ambacho Mjomba hakuwahi kufundishwa na mtu. Nilijifunza kuziona nguvu zilizo ndani ya bimu. Ukiibebesha mzigo, upande mmoja unabanwa na upande wa pili unavutwa. Zege huvumilia kubanwa, ila likivutwa hupasuka. Nondo nene huwekwa upande ule unaovutwa. Bimu iliyolala juu ya nguzo mbili huvutwa chini, kwa hiyo nondo nene hukaa chini. Lakini bimu iliyoshikwa na ukuta upande mmoja, ikachomoza hewani bila nguzo mbele, huvutwa juu. Hapo nondo nene lazima zikae juu. Ni hilo tu! Mtoto wa shule anaweza kulielewa.

Miaka minne iliyopita kanisa letu la Ilongero liliamua kujenga roshani ya kwaya. Wazee walitaka ichomoze bila nguzo mbele, ili asiwepo mtu wa kuzuiwa kuona madhabahu. Nilikuwa nimeajiriwa mjini Singida, nikajitolea kuchora na kupiga hesabu. Nilihesabu uzito wa wanakwaya, viti vyao na kinanda. Nikaomba fundi mkuu awe Mjomba. Kamati ilifurahi, na mama alipiga vigelegele mbele ya mchungaji bila aibu.

Siku ya kumwaga zege nilichelewa. Nilifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Kanisa zima lilikuwa pale. Akina mama walikuwa wamepanga mstari wa ndoo za maji, vijana wanachanganya zege, mchungaji mwenyewe ameshika sepetu. Nikapanda ngazi kukagua chuma kabla hakijafunikwa.

Nondo nene zilikuwa zimelala chini. Zimenyooka, zimefungwa vizuri, kazi safi kabisa ya mikono ya Mjomba. Juu kulikuwa na mbili nyembamba, za kushikilia ringi tu. Mchoro wangu ulikuwa umegeuzwa, juu chini!

Mjomba alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, akinitazama. Nikafungua mdomo... Huko chini mzee mmoja akapaza sauti, "Tazameni, mjomba na mpwa wake! Mungu awape nini tena?" Watu wakapiga makofi.

Ningemwambiaje? Kwetu hata chumvi ikizidi kwenye mboga, mkubwa wako humkosoi mezani, unakunywa maji. Ningesimama vipi mbele ya kanisa zima nimwambie mtu aliyenilea kwamba amekosea kazi aliyoifanya tangu sijazaliwa? Nikajiambia nitamvuta pembeni. Nikajiambia hesabu zangu zina akiba, itashika.

"Mama, tuanze?" akaniuliza Mjomba. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote. "Jua linapanda."

Nikajibu, "Tuanze, Mjomba."

Neno moja lile! Ndoo ya kwanza ya zege ikapanda.

Siku ya kutoa mirunda, ile miti iliyoegemeza roshani, nilisimama nje ya kanisa nikiwa nimeziba masikio. Haikuanguka. Kwaya ikapanda, ikaimba, ikashuka. Watu wakanipongeza. Nikaanza kuamini kwamba labda vitabu vinatia chumvi.

Miezi michache baadaye nilipanda peke yangu Jumamosi moja, nikafunua zulia pale roshani inapoungana na ukuta. Ufa ulikuwepo... mwembamba kama unywele, umekatiza kutoka upande huu hadi karibu na upande wa pili. Waliotazama kutoka chini waliona rangi nyeupe safi. Ugonjwa ulikuwa juu, umefunikwa zulia jekundu.

Niliweka alama ya penseli ukutani, pale ufa ulipoishia. Baada ya wiki mbili ulikuwa umeipita. Nikaweka nyingine. Tangu hapo sikutulia. Kila Jumamosi nilikuwa na safari ya Ilongero, kila Jumamosi na uongo wake... mara nimesahau Biblia, mara naangalia taa. Nilikuwa nakula nimesimama. Kazini nilianza barua tatu bila kumaliza hata moja. Je, si ningemwendea Mjomba nikamwambia? Nilienda! Mara nne nilifika hadi mlangoni kwake, na mara nne tuliongea habari za mvua.

Mwishowe nikatumia ujanja. Nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba sauti zao zinasikika vizuri zaidi wakiimbia chini. Nilimpamba mpaka akakubali. Kwaya ikashuka, roshani ikabaki tupu, nami nikajipongeza. Mjinga mimi! Hamjui nilikuwa nimeandaa nini kwa mikono yangu.

Mavuno yakafika. Kanisani kwetu sadaka ya mavuno huletwa kwa macho ya watu. Huyu anakuja na mbuzi, huyu kuku, huyu gunia la mtama au la alizeti. Mwaka ule Mungu alikuwa ametukumbuka, na stoo ya kanisa ikajaa mapema. Wazee wakatafuta pa kuweka mengine. Roshani si ipo tupu? Ijumaa na Jumamosi wakapandisha magunia, lumbesa zile zilizojazwa kupita kiasi mpaka zikashonwa shingo, wakayapanga mbele kabisa, kwenye ukingo, ili kila anayeingia ageuke aone Bwana alivyotenda. Mnakumbuka ile bimu inayochomoza hewani? Mzigo ukikaa kwenye ncha ya bimu ya namna ile ndipo unapovuta vibaya kuliko popote.

Jumamosi ile sikwenda. Mwajiri alinituma Manyoni. Nilifika Jumapili ibada ikiwa katikati, nikaingia, macho yakapanda juu kama kawaida yake. Niliona safu tatu za magunia! Chini yake mabenchi yamejaa watu, wengine na watoto mapajani.

Nilijipenyeza hadi alipokaa Mjomba. Nikamnong'oneza yale niliyoyabeba mwaka mzima. "Mjomba, zile nondo nene zilitakiwa kukaa juu. Kuna ufa chini ya zulia."

Hakuuliza kitu. Alisimama na kupaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Walio chini ya roshani, tokeni! Tokeni sasa hivi!" Watu walidhani kuna nyuki, wakakimbia. Mabenchi yakaachwa wazi.

Kisha akapanda. Nililia nikimwita asipande. Alikuwa anaburuta magunia kutoka ukingoni kuyarudisha ukutani, gunia la kwanza, la pili, la tatu... Fundi aliijua kazi yake, alikuwa anapunguza mzigo pale hasa pa kupunguza. Hakuna aliyemfundisha hilo, alilielewa kwa maneno yangu mawili tu. Alipoinamia gunia la nne nikasikia mlio mkavu. Roshani ikainama mbele, ikashuka naye.

Alizeti ilimwagika mpaka madhabahuni.

Hakuna aliyekufa. Mjomba alivunjika uti wa mgongo. Hatembei tena.

Sasa nafika kwenye dhambi yangu yenyewe. Mnadhani ni ile ya saiti? Bado!

Kamati na wakaguzi walituita. Nikaweka mchoro mezani. Waliupitia, wakausifia. Wakaniuliza kama nilikagua nondo kabla ya zege. Nikajibu kwamba siku hiyo nilichelewa kufika. Si kweli nilichelewa? Nilichelewa! Nikaiacha sentensi ile isimame yenyewe, nao wakaandika.

Walipomfuata Mjomba hospitalini, alisema maneno machache. "Nondo nililaza mimi. Mtoto hana kosa."

Jina lake liliisha wiki ile. Watu waliokuwa wakijisifu kwamba nyumba zao zimejengwa na Ntandu walianza kugonga kuta kwa vijiti. Vijana aliowafundisha kazi wakamwita fundi wa kubahatisha. Na mimi? Nikapata kazi Itigi, nikahama. Nikahama nyumba tatu ndani ya miezi saba, maana kila chumba kilikuwa na dosari kwenye lenta juu ya mlango. Simu za mama nikawa sipokei. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mimi nilikuwa nakikimbia hata kilio.

Kisha mama akanitumia ujumbe mfupi. Mjomba anakuita.

Nilimkuta Utemini, mjini Singida, kwa binti yake mkubwa, amekaa uani kwenye kiti cha magurudumu. Nilipiga goti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Umekonda. Kaa."

Sikukaa. Nilizunguka ua ule kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akaniacha nizunguke. Kisha akasema, "Siku ile ya zege nilikuona. Uliziangalia zile nondo, ukaniangalia mimi."

Nikasimama.

"Uliona, mama?"

"Niliona, Mjomba."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilipopokea mchoro wako nilisema, mtoto amekosea, kageuza. Miaka yote nondo nene nimelaza chini. Nikasema, nikiuliza mbele ya kamati watamcheka, watasema shule yake bure. Nikazilaza chini mwenyewe, nikusitiri. Uliponyamaza pale juu nikafurahi. Nikajua umeelewa, na unanishukuru."

Jamani! Alikuwa ananifichia kosa ambalo sikulifanya, nami namfichia kosa ambalo hakujua amelifanya. Kila mmoja anamstahi mwenzake, na zege linamwagwa! Nilianguka pale chini nikalia kwa sauti, majirani wakachungulia.

Nilipotulia aliniuliza jambo moja tu, kwa nini juu. Sikuwa na kalamu. Kando ya uzio palikuwa na mtama umeota wenyewe, bado mbichi. Nikakata bua, nikabana ncha moja kwenye mkono wa kiti chake, nikamwomba akandamize ncha ya pili. Akakandamiza. Ganda likachanika... juu, karibu na mkono wa kiti.

Akalichomoa bua lile, akalileta karibu na macho.

"Kumbe," akasema. Akalipapasa pale palipochanika. "Kumbe ni hivi tu. Ungenionyesha bua siku ile, mama, ningezipandisha zile nondo mwenyewe. Na zege lingesubiri."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Afadhali angenipiga.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema yote, pamoja na ile sentensi ya kuchelewa. Nikawaandikia wakaguzi pia. Nimepoteza kazi. Sijui kama nitaruhusiwa tena kusaini mchoro. Wapo wasionisalimia, na sina wa kumlaumu. Ila wale vijana waliomwita Mjomba fundi wa kubahatisha walikwenda Utemini kumwomba radhi, na baadhi yao huja kumuuliza mambo ya kazi. Huwaambia wakate bua la mtama kwanza.

Msomaji wangu, heshima ni nzuri, mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Lakini mkubwa wako akikosea jambo litakalowaangukia watu, mvute pembeni, mpigie goti ukitaka, lia ukitaka, ila mwambie! Usingoje faragha isiyokuja. Na wewe mkubwa, ukidhani mtoto amekosea, muulize. Msisitiriane mkauana.

Mimi bado sijatulia, na sidhani kama nitatulia. Kila Jumapili tunapanda gari hadi Ilongero, kisha namsukuma Mjomba hadi kanisani. Nyuma, pale ilipokuwa roshani, ukuta umezibwa kwa saruji, na alama yangu moja ya penseli bado inaonekana pembeni. Yeye hutaka kukaa hapohapo. Nikitaka kumsogeza mbele hukataa, hunishika mkono na kuniuliza, "Mama, leo kuna kitu umekiona hujaniambia?"

Namjibu. Siku hizi namjibu kila kitu.